Mlango wa Nyuma wa Pikapu: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Dawati la Magari

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: mlango wa nyuma wa pikapu, ule unaoshushwa wakati wa kupakia. Wengine wameuzidishia mzigo, wengine wanapambana na kutu, mmoja anahofia wezi. Maswali tumeyafupisha, na majina ya waandishi hatukuyaweka.

Shikamooni wataalamu. Nina Hilux dabo kebini (yenye safu mbili za viti), nauza sementi hapa Mbeya. Bodi ni fupi, kwa hiyo nashusha mlango wa nyuma na kupanga mifuko minne juu yake, yaani kilo 200. Gari ni la tani moja, na bodini siweki hata nusu tani. Mbona waya moja ya mlango imekatika? — Muuza vifaa vya ujenzi, Mbeya

Marahaba. Tani moja ni ya gari zima, na hata hiyo ina hesabu yake, kama tutakavyomjibu mwalimu wa Arusha hapa chini. Mlango una kikomo chake peke yake, tena kidogo. Sakafu ya bodi imelalia vyuma vya mkingamo vilivyokaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari. Mlango ukishaushusha hauna cha kuuegemeza chini yake. Umeshikwa na bawaba mbili na waya mbili za pembeni, na wenyewe ni mabati mawili membamba yaliyounganishwa kingo, katikati pana uwazi.

Sasa tazama kilo 200 zinavyofanya kazi. Chukua mlango wenye kina cha sentimita 50, waya zimefungwa sentimita 30 kutoka kwenye bawaba na kupanda kwenye nguzo ya bodi kwa mteremko wa nyuzi 45. Mifuko ikikaa katikati ya mlango, sentimita 25 kutoka kwenye bawaba, kila waya inavutwa kwa nguvu ya kilo 118 hivi. Isogeze mifuko ileile hadi karibu na ukingo, sentimita 45, na kila waya inavutwa kwa kilo 212. Waya moja sasa imebeba zaidi ya uzito wa mzigo wote, na gari bado limesimama. Likipita kwenye tuta, mifuko inaruka kidogo na kutua kwa kishindo. Mvuto hapo unaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Waya zinazolala sana, yaani zilizofungwa chini kwenye nguzo, huumia zaidi ya zile zilizosimama.

Kuna na madhara yasiyoonekana mlangoni. Katikati ya mlango ulioshushwa ni kama mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli na ekseli ya Hilux dabo kebini pana mita 3.085. Kilo 200 zikikaa pale, ekseli ya nyuma inabeba kilo 290 hivi, na ile ya mbele inapunguziwa kilo 90. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Unaposhuka mlima Mbeya hiyo, magurudumu ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kufunga breki, nayo umeyanyang'anya uzito wa kushikia barabara.

Fungua kitabu cha gari kwenye sura ya bodi na mizigo. Watengenezaji wengine hutaja kilo ambazo mlango unaruhusiwa kubeba, na mara nyingi kilo hizo ni za gari lililosimama. Ukikosa kitabu au hakitaji kitu, ushauri wetu ni mkali kidogo: wasikae juu yake zaidi ya watu wawili wakati wa kupakia, na gari likianza kwenda mlango uwe umefungwa au hauna kitu juu yake. Mifuko yako minne iingie bodini, ianzie ukutani mwa kebini.

Kuhusu waya, badilisha zote mbili kwa pamoja. Iliyobaki imeshavutika, na ukiweka mpya upande mmoja mlango utakaa mshazari. Nunua za stenlesi. Mwaka 2004 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita kwa matengenezo karibu pikapu milioni 4, za miaka ya 2000 hadi 2004, kwa sababu waya za mlango wa nyuma zilizopakwa zinki zilikuwa zikiliwa na kutu na kukatika watu wakiwa wameketi au kusimama juu ya mlango. Zilibadilishwa kwa waya za stenlesi. Waya nyingi zimevishwa plastiki, kwa hiyo nje zinaweza kung'aa huku ndani zimeoza. Kagua kwenye ncha mbili, pale plastiki inapoishia. Pitisha kitambaa laini juu ya waya, na kikinasa ujue nyuzi zimeanza kukatika. Kisha tazama bolti inayoshika waya kwenye nguzo. Rangi iliyopasuka kuizunguka maana yake bati la nguzo lenyewe limeanza kuvutwa, na hapo waya mpya haitoshi.

Nilibeba nondo 40 za milimita 12, zimekunjwa katikati ziwe na urefu wa mita 6. Nilizifunga mbele bodini na kuziegemeza juu ya mlango ulioshushwa. Mlango umepinda na haufungi tena. Wiki moja kabla nilibeba plaiwudi 20, ambazo ni nzito kuliko zile nondo, na hapakutokea kitu. Sielewi. — Fundi ujenzi, Morogoro

Swali zuri, maana jibu lake linafaa kwa mzigo wowote mrefu.

Uzito kwanza. Kilo za nondo kwa kila mita ni kipenyo mara kipenyo, ugawe kwa 162. Milimita 12 inatoa kilo 0.89, nondo moja ya mita 12 ni kilo 10.7, na 40 ni kama kilo 427. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina kilo 30 hivi, kwa hiyo 20 ni kilo 600. Ni kweli, plaiwudi zilikuwa nzito zaidi.

Tofauti iko kwenye katikati ya mzigo. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5. Ongeza mlango ulioshushwa, unafika mita 2 kutoka ukuta wa kebini. Plaiwudi ina mita 2.44, katikati yake ni mita 1.22, na hapo bado uko juu ya sakafu. Mlango uliguswa tu. Nondo zako zilikuwa za mita 6, katikati yake ni mita 3, yaani mita nzima nje ya ukingo wa mlango. Zilitaka kuinuka mbele na kuanguka nyuma, zikazuiwa na kamba uliyofunga mbele. Mlango ukawa egemeo. Fanya hesabu ya wenzo: kilo 427 mara mita 3, gawa kwa mita 2, unapata kilo 640. Ukingo wa mlango, mahali pabaya kuliko pote, ulikandamizwa kwa kilo 640 na mzigo wa kilo 427, na kamba ya mbele ilikuwa ikivutwa kwa kilo 213. Hiyo ni kabla ya shimo la kwanza.

Basi kabla ya kupakia kitu kirefu, pima urefu wake na uugawe kwa mbili. Jibu likizidi urefu wa sakafu ya bodi, pikapu hiyo haibebi mzigo huo kwa kuulaza, hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Kung'oa mlango hakusaidii, kwa sababu egemeo litahamia kwenye ukingo wa sakafu na gari litabaki limenyanyuka mbele. Keria ya bomba juu ya kebini inafaa kwa mabomba ya plastiki na mbao chache. Nondo kilo 400 juu ya kebini hatuzishauri. Muuzaji akukatie nondo kwa vipimo vya ramani yako, au kodi Canter yenye bodi ndefu, nauli yake ni ndogo kuliko mlango mpya.

Plaiwudi nazo ziboreshe kidogo. Upana wa mita 1.22 kwa kawaida hauingii kati ya matao ya magurudumu. Weka mbao mbili zilizokingamishwa juu ya matao, moja karibu na kebini na nyingine usawa wa mwisho wa sakafu. Plaiwudi zikilala juu ya hizo mbao, haziugusi mlango kabisa. Kamba au mikanda ya kukazia ifungwe kwenye kulabu za bodi. Usiifunge kwenye komeo la mlango wala kwenye waya zake. Kipande kinachotoka nje kifungwe kitambaa chekundu mchana, na taa nyekundu usiku. Angalia pia namba ya gari inaonekana, maana kwenye baadhi ya pikapu mlango ukishuka huifunika.

Mlango wako uliopinda: kama umepinda katikati tu na kingo ziko sawa, fundi wa bodi anaweza kuunyoosha. Kama nafasi kati ya mlango na bodi, kulia na kushoto, hazifanani tena, fungua bolti za bawaba nusu zamu, funga mlango taratibu, uulenge katikati, kisha kaza. Ukibaki unahitaji kupigwa bega ili komeo lishike, tafuta mwingine, kwa sababu komeo lisiloshika vizuri hufunguka barabarani.

Hii pikapu ya tani moja ninaweza kuibebesha kiasi gani hasa? Sisi ni watu watano na tunasafiri na vyakula kwenda kwa wazazi. — Mwalimu, Arusha

Tafuta namba mbili kwenye kadi ya gari au kibati cha mlangoni upande wa dereva: uzito wa gari tupu, na uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa na kila kitu. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tuseme gari lako ni kilo 1,950 tupu na kilo 2,900 kwa juu. Umebakiwa na 950. Watu watano kwa kilo 75 ni 375, baki 575. Keria kilo 40 na bampa ya chuma kilo 50, baki 485. Magunia manne ya mahindi ya kilo 100 yanaingia, la tano halimo. Maji ni kilo moja kwa lita, kwa hiyo dumu nne za lita 20 nazo ni kilo 80 za kuhesabiwa. Kama unavuta tela, uzito unaokandamiza kulabu ya tela nao unatoka kwenye hizo 485.

Mchanga ndio unaowadanganya wengi. Bodi ya mita 1.5 kwa 1.5 yenye kina cha sentimita 48 inachukua zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama kilo 1,600. Ukiujaza mpaka ukingoni umepita mbali, na mchanga mbichi ni mzito zaidi.

Kuongeza springi kunanyanyua nyuma ya gari, lakini ekseli, breki, chesisi na matairi ni yaleyale. Ubavuni mwa tairi kuna namba baada ya saizi. Kwa mfano, 112 maana yake tairi hilo limeruhusiwa kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. Usidhani pia mizani za barabarani zitakuonya: sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo, zinapita zikiwa zimelala nyuma na hakuna anayezisimamisha kwa uzito. Dabo kebini zinazopakiwa hivyo nyuma ya ekseli ndizo zinazopinda chesisi pale nyuma ya kebini.

Fundi ameniambia atoe waya, achomelee minyororo ya milimita 8 na vyuma vya umbo la L ndani ya mlango ili ubebe nusu tani. Nimruhusu? — Mfanyabiashara wa alizeti, Singida

Usimruhusu. Mnyororo wa milimita 8 una nguvu kuliko inavyohitajika, ila ncha yake moja inashika bati la nguzo ya bodi na nyingine bati la mlango. Nguvu iliyokuwa ikate waya sasa itang'oa nguzo. Na nguzo ikichanika umeharibu bodi, wakati waya ni spea ndogo.

Minyororo ina tatizo jingine ambalo mafundi wengi hawalihesabu. Urefu wake hurekebishwa pete kwa pete, na pete ya milimita 8 husogeza kama milimita 24 kila moja. Ni vigumu kupata pande mbili zinazolingana. Mfupi ndio unaobeba mzigo wote, na mlango unajipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Vile vyuma vya L vya milimita 40 kwa 40, unene 4, vina kilo 2.4 kwa mita, kwa hiyo mita nne zinaongeza karibu kilo 10 kwenye bawaba zilezile.

Kisha kuna moto. Kuchomelea kunaunguza rangi na zinki upande wa ndani, ambako huwezi kupaka tena, na kutu inaanzia hapo. Kama kuna siku italazimika kuchomelea chochote kwenye pikapu, chomoa waya hasi wa betri, ardhi ya mashine ibanwe karibu kabisa na sehemu inayochomelewa, na waya za kamera na kitasa zitolewe mlangoni kwanza.

Kwa magunia ya alizeti kila siku, chukua singo kebini yenye bodi ya mita 2 na zaidi, au utengenezewe bodi ya tambarare yenye kingo za kushusha, ambayo sakafu yake yote imekaa juu ya chesisi.

Napakia bodaboda za wateja kwa kutumia mbao mbili. Kila mara mlango unaumia ukingoni. — Fundi pikipiki, Kahama

Bodaboda nyingi za mjini zina kilo 110 hadi 125. Ikiwa katikati ya mbao, nusu ya uzito iko ardhini na nusu iko kwenye ukingo wa mlango. Gurudumu likifika juu, uzito karibu wote uko pale, kwenye mstari mwembamba wa bati. Wewe nawe ukipanda mlangoni kuivuta, umeongeza kilo zako.

Tumia mbao ndefu. Kwa bodi yenye kimo cha sentimita 85, mbao ya mita 2.4 inakupa mteremko wa nyuzi 21 hivi. Ya mita 1.8 inafika 28, na hapo pikipiki inakurudia kifuani. Ncha ya juu isilalie ukingo wenyewe. Weka juu ya mlango kipande cha plaiwudi cha milimita 18 kinachofunika mlango wote na kuingia sentimita 30 ndani ya sakafu, ili uzito ugawane na bodi. Mbao zifungwe kwa kamba kwenye gari. Zisipofungwa, gurudumu la nyuma linapokanyaga huzisukuma nyuma na kila kitu kinaanguka pamoja.

Njia rahisi zaidi haihitaji kifaa: rudisha gari kwenye kingo ya ardhi au tuta hadi mlango ulingane na ardhi, uingize pikipiki moja kwa moja.

Wapo wanaoweka gogo chini ya mlango kuusaidia. Ni wazo zuri likiacha nafasi. Bodi inashuka sentimita kadhaa mzigo unapoingia. Gogo likigusa mlango tangu mwanzo, bodi ikishuka mlango unabaki juu, na bawaba zinalazimishwa kinyume. Acha sentimita 3, na lazima litolewe kabla gari halijasogea. Andika hata kwenye usukani ukiona unasahau. Pikipiki ikishaingia, gurudumu la mbele liguse ukuta wa kebini, mikanda minne, miwili mbele ikivuta chini mpaka shokapu za mbele zimelala nusu, na mlango ufungwe. Kwenye dabo kebini gurudumu la nyuma litabaki juu ya mlango. Ilaze mshazari kwanza, kona hadi kona, uone kama linaingia ndani. Lisipoingia kabisa, kumbuka hesabu ya mifuko ya sementi hapo juu kabla ya kuingia barabara ya vumbi.

Kushusha mlango safarini kunapunguza mafuta? — Dereva, Nakuru

Hapana. Mlango ukiwa umefungwa, upepo unajikusanya bodini na kuzunguka mlemle, na ule unaopita juu ya kebini unateleza juu yake. Ukiushusha unavuruga mtiririko huo. Na kama una kanopi, kuendesha na mlango wa nyuma wazi kunavuta moshi wa ekzosi kuingia ndani.

Nalinda vipi mlango dhidi ya mikwaruzo, niweke plastiki ya kudondosha ndani au dawa ya kupuliza? Na nyumbani kwetu Kilwa ndugu yangu anabeba samaki, mlango wake umetoboka chini wakati bodi bado nzima. — Msomaji, Mombasa

Tuanze na wa Kilwa kwa sababu ndiye mwenye haraka. Mlango una uwazi ndani, na chini yake kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Maji ya barafu na chumvi yanaingia juu, pale penye mkono wa kufungulia na kingo za kibao cha ndani, na yanatakiwa kutoka chini. Vitundu vikizibwa na magamba, vumbi na dagaa, maji ya chumvi yanalala kwenye mshono wa chini siku nzima. Malengelenge ya rangi unayoyaona nje yametoka ndani. Kupiga puti na rangi juu yake ni kumfurahisha mnunuzi tu.

Afanye hivi. Mlango ushushwe, zifunguliwe bolti za kibao cha ndani, kwa kawaida ni spana namba 10. Aoshe ndani kwa maji baridi mengi hadi yatoke masafi, azibue vitundu kwa kijiti au waya wa plastiki, si kwa msumari unaokwaruza rangi. Aache ukauke juani mchana mzima. Kutu iliyolegea aikwangue kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, halafu 180. Penye tundu panakatwa hadi kwenye bati zima na kutiwa kiraka, ila kutu ya juu juu ipakwe dawa ya kugeuza kutu, ikauke, kisha rangi ya chini ya kuzuia kutu, redoksaidi au praima ya epoksi, mara mbili. Nje amalize na msasa 320 na rangi ya gari. Ndani, praima ikishakauka kabisa, anyunyize nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, akilenga mshono wa chini. Nusu lita inatosha mlango mmoja. Oili chafu ya injini inayopendwa pwani inazuia kutu kidogo, ila inalainisha mipira na kuwapa samaki harufu ya oili mpaka mteja anauliza. Baada ya hapo, kila jioni aoshe kwa maji baridi mlango ukiwa wazi, na barafu ikae kwenye tenki la plastiki, isimwagwe bodini.

Sasa plastiki au dawa. Plastiki ngumu ya kudondosha ni nzuri kwa matofali na mawe, kwa kuwa inasambaza pigo. Ubaya wake ni kwamba inatikisika. Mchanga ukiingia chini yake inasaga rangi kama msasa, na maji ya Mombasa yanakaa chini yake bila kukauka. Ukiwa nayo, itoe mara mbili kwa mwaka na uoshe. Ya mlangoni hufungwa kwa skrubu. Kila tundu lililotobolewa lipakwe praima kabla ya skrubu kuingia.

Dawa ya kupuliza inashikamana na bati, kwa unene wa milimita 2 hadi 3, kwa hiyo hakuna pa kujificha maji. Kwa pwani tunaichagua hiyo. Kazi yote iko kwenye maandalizi: rangi ya zamani isuguliwe hadi ipoteze mng'ao, mafuta yafutwe, vitundu vya kutolea maji, komeo na mipenyo ya pembeni vizibwe kwa tepu kabla ya kupuliza na kufunguliwa mara tu baada yake. Mlango unaopulizwa bila kusuguliwa utabanduka vipande vipande kabla ya mwaka. Na haizuii mbonyeo: jiwe likidondoka, rangi inabaki na bati linaingia.

Asiye na bajeti atafute kipande cha mkanda wa mpira wa mashine za viwandani, unene wa milimita 6 au 8, akikate kwa saizi ya mlango na kukilaza wakati wa kupakia tu. Kinakunjwa na kuwekwa nyuma ya kiti. Hakuna tundu linalotobolewa, hakuna maji yanayolala, na kwa mawe ya msingi kinafanya kazi vizuri kuliko vitu vingi vya dukani. Kisichoweza ni kuongeza kilo za mlango. Hilo hata dawa ya kupuliza na plastiki haziwezi, muuzaji aseme atakalosema.

Jirani yangu ameibiwa mlango wa nyuma usiku, mzima mzima, bila kuvunja kitu. Inawezekanaje? — Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam

Kwenye aina nyingi mlango umetengenezwa utoke kwa urahisi: unafungua waya mbili, unaushikilia nusu, karibu nyuzi 45, upande mmoja unanyanyuka kwenye kikombe cha bawaba na mwingine unachomoka. Mtu mmoja anaweza. Aina nyingine zina bawaba za bolti na zinachukua muda zaidi.

Ushushe wako nusu ujaribu. Ukinyanyuka, nunua klempu ya hozi ya stenlesi inayolingana na bawaba, izungushie upande ule unaonyanyuka na uikaze, kichwa cha skrubu kielekee ndani ambako bisibisi haifiki mlango ukiwa umefungwa. Weka kitasa chenye ufunguo kwenye mkono wa mlango kama haukuja nacho. Chonga namba ya gari kwenye bati la ndani kama watu wanavyochonga kwenye vioo na taa, na upake praima kwenye mchongo. Usiku, rudisha gari kinyumenyume ukutani ukiacha nafasi ndogo kuliko nusu ya kina cha mlango, hautashuka hata hadi zile nyuzi 45.